Nilijua paswadi za mtaa mzima

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naingia kwenye akaunti za watu ambao hata majina yao ya pili siyakumbuki. Mama mboga, makanga, watu wa bodaboda, mwalimu wa nasari, pasta mmoja wa kanisa la mabati, vijana waliomaliza sekondari juzi. Paswadi za hao wote nilikuwa nazo. Sikuwa mdukuzi. Nilikuwa kijana wa saiba.

Kama umekulia Nairobi unaijua hiyo kazi. Mimi niliacha chuo 2022 nikiwa mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa (kozi yenyewe ilikuwa ya kompyuta, usicheke). Nikarudi Kayole, nikakaa nyumbani miezi miwili nikihesabu mabati, halafu jamaa mmoja mwenye chumba cha kompyuta sita na printa inayokohoa akaniambia nianze kazi Jumatatu. Sh500 kwa siku. Siku ya kwanza alinionyesha vitu vitatu: swichi ya umeme, mahali karatasi zinakaa, na daftari.

Daftari lilikuwa la kawaida, kurasa 96, jalada la bluu. Ndani mdosi alikuwa amechora mistari kwa rula. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, barua pepe, paswadi. Mteja akija kufunguliwa iTax au eCitizen au HELB, unaandika. Sababu ilikuwa ya maana, si ubaya. Watu wanasahau. Mtu anafunguliwa akaunti Februari, anarudi Juni tarehe 29 kufailisha ritani kwa sababu akichelewa ni faini ya Sh2,000, na hakumbuki chochote. Ukijaribu kubadilisha paswadi, ujumbe unaenda kwa laini aliyoitupa. Nyuma yake kuna watu kumi na wawili. Daftari lilituokoa kila siku.

Na paswadi zenyewe? Tulikuwa tunawatungia. Jina la kwanza, ile alama ya @, halafu mwaka. Wote. Ukiijua moja, umezijua mia tatu.

Sasa twende mpaka wiki ya mwisho ya Julai 2023.

Nilifika kazini asubuhi nikapata watu wanne mlangoni. Wa kwanza alikuwa msichana wa rika langu aliyetaka cheti cha tabia njema cha DCI. Ajenti aliyekuwa anampeleka kazi Saudia alikuwa amempa mwisho wa wiki hiyo. Nikafungua eCitizen. Kale kaduara kakazunguka. Kakazunguka tu. Nikazima rauta nikaiwasha, maana hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya saiba yoyote. Kaduara. Mzee aliyekuwa nyuma yake akasema hata tokeni za stima zimekuwa zikimkataa tangu jana usiku.

Alhamisi hiyo, Julai 27, Eliud Owalo, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa habari na mawasiliano, akathibitisha kwamba eCitizen imeshambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ni sisi, tunaiadhibu Kenya kwa kuingilia mambo ya Sudan. Viza za mtandaoni zikakwama hadi serikali ikasema wageni watapewa viza wakishafika. Tiketi za SGR zikasumbua. Watu wakalalamika kuhusu pesa za simu.

Kabla hujasema "walihakiwa", elewa kilichofanyika, kwa sababu hata mimi mwenye kozi nusu ya kompyuta nilikielewa vibaya siku hiyo. Fikiria matatu ya viti 14 iko steji. Ghafla watu 500 wanajazana mlangoni, kila mmoja anamuuliza makanga, "Hii inaenda wapi?" Hakuna anayepanda. Hakuna anayeiba. Makanga bado ana pesa zake zote mfukoni. Lakini wewe uliyeshika nauli yako na uko na kazi saa mbili, hupiti. Ndivyo walivyofanya. Kompyuta nyingi zilituma maombi mengi kwa pamoja hadi mfumo ukashindwa kuwahudumia wenye shida ya kweli. Owalo alisema hakuna data iliyopotea, na kwa shambulizi la aina hiyo jambo hilo linawezekana kabisa. Kufunga mlango si kuvunja nyumba.

Kilichoniuma mimi ni ule mlango wenyewe. Juni 30 mwaka huo huo, wiki nne tu kabla, Rais Ruto alikuwa amezindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Kwa kijana wa saiba hiyo ni biashara, sitadanganya. Lakini ilimaanisha pia kwamba tumehamisha nyumba nzima hadi chumba kimoja chenye mlango mmoja, na pasipoti, leseni, cheti cha kuzaliwa, vyote vimo humo. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, ikidai ndio waliokuwa wakiendesha kundi hilo, na kwamba zana yao ilitumiwa kwa mashambulizi zaidi ya 35,000 duniani. Ndugu wawili. Si jeshi la nchi fulani.

Basi, yule msichana wa Saudia. Aliondoka, akarudi saa nane mchana akiwa na simu mkononi na sura ya mtu aliyepata suluhisho. Kwenye Facebook, chini ya chapisho la watu wakilalamika kuhusu eCitizen, kuna mtu aliyeandika kwamba yuko "ndani ya sistimu" na anaweza kutoa cheti leo. Sh3,000. Ya kuanza Sh1,500. Alitaka tu nimskanie kitambulisho pande zote mbili amtumie huyo jamaa kwa WhatsApp.

Nilimskania. Sh20 kila upande.

Sikufikiria. Nilikuwa na foleni, stima ilikuwa inacheza, na kweli nilidhani labda ana mtu wake. Alituma Sh1,500 na picha ya kitambulisho, na kufika jioni namba ile ilikuwa imembloki. Wale wa Anonymous Sudan hawakumjua wala hawakumtaka. Walifunga mlango mkubwa, na matapeli wa humu humu wakajipanga nje ya mlango huo kupokea watu waliokata tamaa. Hivyo ndivyo shambulizi la kitaifa lilivyomfikia mtu wa Kayole. Tukisikia usalama wa mitandao wa taifa tunawaza watu wa suti wakiangalia skrini kubwa kwenye chumba chenye baridi. Mimi nawaza hiyo Sh40 niliyomtoza.

Hata hivyo siku hiyo bado nilijiona niko upande wa wema.

Novemba, Jumamosi moja, daftari likapotea. Nilitafuta chini ya printa, kwenye droo, kwenye pipa la karatasi mbovu. Saiba ilikuwa imejaa kutwa nzima, watoto wa gemu, watu wa kupiga chapa, na daftari lilikuwa linakaa tu kaunta, chini ya stepla, kurasa zikipepea na upepo wa feni. Yeyote angeweza kulichukua. Nilimwambia mdosi. Akatukana kidogo, akanipa Sh100, akaniambia ninunue lingine. Nikanunua. Nikaanza kuchora mistari kwa rula.

Hatukumwambia mteja hata mmoja. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulione, kwa sababu kampuni kubwa zikivujisha data na kunyamaza tunazitukana kwenye X siku tatu. Sisi tulinyamaza vile vile.

Wiki mbili au tatu hivi baadaye akaja mama wa mapazia. Ana kibanda karibu na steji, anauza mapazia na mashuka ya mitumba, na alikuwa na ukurasa wa Facebook wenye wateja kutoka hadi Kitengela. Barua pepe ya Gmail nilimfungulia mimi 2022 akitafuta PIN ya KRA. Ukurasa nilimsaidia kuufungua kwa barua pepe hiyo hiyo. Paswadi, unaijua tayari: jina lake, @, 2022.

Mtu alikuwa ameingia Gmail. Kutoka hapo akaomba Facebook imtumie njia ya kubadilisha paswadi, ikaletwa kwenye Gmail ambayo tayari alikuwa nayo. Watu wengi hawajui hili: ukiwa na barua pepe ya mtu huhitaji paswadi zake nyingine, utaletewa zote. Akabadilisha namba ya simu. Halafu akaposti diuveti mpya kwa nusu bei, ofa ya mwisho wa mwezi, tuma depo kwa namba hii. Jina la ukurasa ni la mama, picha ni za mama, hata lugha aliiga, ile ya "karibuni wapendwa". Watu tisa walituma. Wanne walifika kibandani kumpigia kelele, mmoja akiwa na mtoto mgongoni.

Alipoingia saiba nilijua. Nikasubiri anirukie. Akakaa kwenye kile kiti chetu cha plastiki, akaweka kibeti mapajani, akasema, "Kijana wangu, nisaidie. Wewe ndiye unajua mambo ya kompyuta."

Nikamsaidia. Gmail tuliirudisha siku ya pili, kwa bahati. Mwizi alikuwa amebadilisha namba ya kurejesha akaunti, lakini Google hukubali namba ya zamani kwa siku 7 baada ya kubadilishwa, na tulikuwa bado ndani ya siku hizo. Kama angengoja wiki moja zaidi tungeanza hadithi nyingine. Facebook kuna anwani ya watu walioibiwa akaunti, facebook.com/hacked, tukajaza, tukajaza tena. Ukurasa haukurudi. Tulifungua mwingine na wateja sifuri. Watu wawili kati ya wale tisa aliwarudishia pesa kutoka kwa mfuko wake, kwa sababu ni majirani.

Kuhusu daftari sikumwambia siku hiyo. Wala wiki hiyo.

Kilichonifungua macho ni usiku mmoja nikifunga, nikaamua kuangalia kompyuta zetu zina nini. Nilianza na namba tatu, ile ya pembeni watu wanaipenda kwa sababu skrini haionekani kutoka mlangoni. Kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa kulikuwa na vitambulisho, sijui vingapi, niliacha kuhesabu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Barua ya hospitali yenye jina kamili na majibu ya vipimo. Wasifu wa kazi mwingi ajabu, kila mmoja umeandikwa "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho 3", na ndani yake namba ya kitambulisho, mahali mtu anaishi, dini, hali ya ndoa, na wadhamini watatu na namba zao za simu. (Kwani mwajiri anafanyia nini dini yako? Hiyo tutaongea siku nyingine.) Nikafungua brauza. Ile inayouliza kama ihifadhi paswadi, watu huwa wanabonyeza ndiyo ili itoke mbele ya macho. Orodha ilikuwa ndefu kuliko ya daftari. Nikafungua WhatsApp ya kwenye kompyuta, nikakutana na mazungumzo ya mtu, yuko hewani, anaandikiana na mkewe wakati huo huo kuhusu kodi ya nyumba. Alikuwa ameingia Jumanne kuchapisha picha, akaondoka bila kujitoa. Ilikuwa Ijumaa.

Nilifuta vyote usiku huo. Nilimaliza saa sita na mdosi akanikasirikia asubuhi, kwa sababu kuna mteja alirudi kutafuta wasifu wake na hakuwa na nakala kwingine.

Hapa najua kuna mtu anasema, si hiyo ni saiba ya mtaani, mimi nina simu yangu. Sawa. Leo umeingia jengo gani mjini? Kwa geti uliandika jina, namba ya kitambulisho na simu kwenye kitabu cha soja, na ulipokuwa unaandika ulisoma za watu ishirini waliokutangulia. Kitabu kikijaa kinaenda wapi? Mimi nimewahi kununua njugu zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu kama hicho. Namba ya kitambulisho, jina kamili na laini ndivyo vitu ambavyo mtapeli anahitaji ili akupigie akiongea kama mtu wa kampuni, na vikiwa vingi vya kutosha, ajaribu kuhamisha laini yako iwe kwa kadi yake. Laini ikihama, pesa za simu zimehama, na zile namba za siri ambazo benki hutuma pia zimehama.

Sheria tunazo, tusijifanye. Ya 2018 ya makosa ya kompyuta inasema kutumia paswadi au utambulisho wa mtu mwingine kwa ulaghai ni faini ya hadi Sh200,000 au hadi miaka mitatu ndani, au vyote. Ya 2019 ya ulinzi wa data ndiyo inayotugusa sisi wenye madaftari. Ilileta ofisi ya Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, na Septemba 2023 ofisi hiyo ilipiga watu faini zilizotushtua mtaani. Klabu moja, Casa Vera, Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Shule ya Roma huko Uthiru, Sh4.55 milioni kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua. Niliposoma hiyo habari niliangalia daftari letu jipya. Hakuna mtu kwenye hizo kurasa aliyewahi kuulizwa kama anakubali kuandikwa.

Malalamiko kwa ofisi hiyo unaweza kupeleka wewe mwenyewe mtandaoni bila wakili. Wengi wa rika letu wanajua kutukana kampuni na hawajui hilo.

Kwa hivyo nilifanya nini? Si mengi. Nilimwambia mdosi mteja aandike paswadi yake mwenyewe, kwa mkono wake, na sisi tuangalie kando. Akasema foleni itakufa. Na kweli, foleni ilirefuka. Nikaanza kuwaambia watu waache jina na mwaka. Ushauri wa mtandaoni unasema herufi kubwa, ndogo, namba, alama, na mama wa miaka hamsini anakuangalia kama umemtusi. Nikaona kinachofanya kazi ni maneno manne yasiyohusiana, kwa lugha ya kwao, yaliyoungana. Kikamba, Kiluhya, Kijaluo, hata kile Kimeru cha nyanya yake. Hilo analikumbuka. Na akitaka kuliandika aliandike kwenye daftari lake, nyumbani kwake, chini ya godoro. Wataalamu watanikemea lakini godoro lake ni salama kuliko kaunta yangu.

Barua pepe ipate paswadi yake peke yake, isifanane na nyingine yoyote, na uwashe ule uthibitisho wa hatua mbili. Ukifanya hiyo moja tu leo umefanya kazi kubwa. Kwenye WhatsApp fungua mipangilio, angalia vifaa vilivyounganishwa, na kama kuna kompyuta usiyoijua, itoe. Bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilipata mbili ambazo sizijui. Wenye Safaricom, *100*100# inazuia laini yako kubadilishwa na ajenti yeyote wa barabarani, hadi uende dukani kwao mwenyewe. Ujumbe wa utapeli unautuma 333, ni bure. Na Safaricom wakikupigia wanatumia 0722 000 000 pekee, kwa hivyo huyo mwingine mwenye sauti tamu anayekuita "mteja wetu wa thamani" mkatie.

Daftari la pili nililichoma nyuma ya choo cha ploti Januari 2024, mdosi akijua. Alikuwa ameshachoka na mimi. Mwezi wa nane niliacha kazi, tukiagana vizuri.

Kabla ya hapo nilienda kibandani kwa mama wa mapazia nikamwambia. Kwamba kulikuwa na daftari, kwamba lilipotea, kwamba nilijua siku ile amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja hadi akamaliza, akaiweka juu ya nyingine, akaniuliza, "Na wale wengine walioandikwa, umewaambia?" Nikasema hapana. Akaniambia nianze na huyo wa njugu, yuko hapo mkabala, naye nilimfungulia mimi.

Niliwafikia kama arobaini. Wengine walikuwa wamehama.

Juni hiyo alikuja saiba kufailisha ritani. Nikamfungulia ukurasa, nikamsogezea kibodi. Akaniambia nigeuke nitazame ukuta. Akaandika kwa kidole kimoja, akinong'ona, herufi kwa herufi, akakosea, akafuta yote, akaanza tena. Foleni nyuma yetu ikaanza kufyonza meno. Kijana mmoja akasema, "Mathe, si umpe tu akuandikie?"

"Ngoja zamu yako," akamjibu, na mimi nikaendelea kutazama ukuta.